Safari ya Kukifufua Kituo cha Salyut 7

Tarehe 11 Februari 1985, kituo cha anga kilichoitwa Salyut 7 kiliacha kuitika. Ndani yake hapakuwa na mtu, na hiyo ndiyo heri ya kwanza katika historia hii. Kilikuwa kikiizunguka dunia peke yake, zaidi ya kilomita 300 juu, na kila kilipopita juu ya mitambo ya Umoja wa Kisovieti kilituma taarifa zake kwa redio: betri zina umeme kiasi gani, joto limefika nyuzi ngapi, hewa ya ndani ikoje. Siku hiyo hitilafu ya umeme ilizima redio yake kubwa, ile ya akiba ikashika zamu. Waongozaji waliokuwa kazini karibu na Moscow wakaona wajaribu kuiwasha tena ile kubwa. Wakatuma amri. Hitilafu ikaenea, mawasiliano yote yakakatika, na tangu hapo kila walipokiita kituo, kimya.

Nataka kuwasimulia, watoto wapenzi, habari za watu wawili waliokwenda kukifufua. Safari za angani ni nyingi, na nyingine zina sifa kubwa kuliko hii. Wengi wenu mmeshasikia habari za Yuri Gagarin na Neil Armstrong. Lakini mtu akiniuliza ni safari gani inayoeleza vizuri zaidi jinsi binadamu anavyoweza kuishi angani, nitamtajia hii. Katika kituo hiki kila kitu kinachomweka mtu hai kilikuwa kimezimika, ikabidi kiwashwe upya kimoja baada ya kingine, kwa mikono.

Tuanze na kituo chenyewe. Salyut 7 kilirushwa tarehe 19 Aprili 1982 kutoka Baikonur, katika nyika za Kazakhstan. Kilikuwa na uzito wa tani 20 hivi na urefu wa mita 16 hivi, na nje kilikuwa na mabawa matatu ya sola ya kunasa mwanga wa jua na kuugeuza umeme. Ndani mlikuwa na meza ya kulia chakula, mahali pa kulala, vifaa vya mazoezi, vifaa vya kuchunguzia nyota, matangi ya maji, na feni nyingi sana. Wakaaji walifika kwa chombo kidogo kiitwacho Soyuz, wakakiunganisha na kituo, wakafungua mlango na kuingia. Hapo ndipo alipokaa Svetlana Savitskaya, ambaye tarehe 25 Julai 1984 alitoka nje ya kituo akiwa amevaa vazi la anga na kuwa mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Hapo ndipo walipokaa pia Leonid Kizim, Vladimir Solovyov na daktari Oleg Atkov kwa siku 237 mfululizo, muda ambao hakuna mtu aliyekuwa ameufikia. Watatu hao waliondoka Oktoba 1984, wakakiacha kituo kikisubiri wenzao.

Sasa, kwa nini kituo kama hicho hakianguki? Ukweli ni kwamba kinaanguka, tena bila kukoma. Ukirusha jiwe mbele, linakwenda huku likishuka, kisha linagonga chini. Ukilirusha kwa nguvu zaidi, linafika mbali zaidi. Fikiria basi mkono wenye uwezo wa kulirusha jiwe hilo karibu kilomita 8 kwa kila sekunde, juu kabisa ambako karibu hakuna hewa ya kulizuia. Jiwe litashuka, lakini kwa kuwa dunia ni mviringo, ardhi nayo itakuwa ikiinama chini yake kwa kiasi kilekile, na jiwe halitaifikia. Kituo cha anga kiko katika hali hiyo. Kinamaliza kuizunguka dunia kwa dakika 90 hivi, na waliomo ndani huona jua likichomoza mara 16 hivi kwa siku moja. Na kwa kuwa mtu, kijiko na kituo vyote vinaanguka pamoja kwa mwendo mmoja, hakuna kinachomlemea mwenzake, na kila kitu ndani kinaelea. Mtasikia watu wakisema kwamba kule hakuna mvutano wa dunia. Si kweli. Mvutano upo, na ndio unaokishika kituo kisitoroke.

Turudi kwenye kile kimya. Kituo kisichosikia amri hakiwezi kuongozwa, na kikiachwa hushuka kidogo kidogo hadi kianguke popote. Mwaka 1979 vipande vya kituo cha Marekani, Skylab, vilikuwa vimeangukia Australia Magharibi, na hakuna aliyependa jambo hilo lijirudie. Isitoshe, kituo kipya cha Kisovieti, Mir, kilikuwa bado hakijarushwa. Salyut 7 ndicho kilichokuwepo. Likatolewa wazo la kuwatuma watu wakakitengeneze.

Wazo hilo lilikuwa gumu kuliko linavyosikika. Kwa kawaida, Soyuz ilipokikaribia kituo, mitambo ya redio ya pande zote mbili ilikuwa ikisemezana: chombo kinauliza uko wapi, kituo kinajibu, na kompyuta zinapunguza mwendo mpaka vinashikana. Kituo kilichokufa hakijibu, hakijigeuzi kumwelekea mgeni, na huenda kinabiringika ovyo. Kukishika kituo cha namna hiyo kwa mkono lilikuwa jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya.

Alichaguliwa Vladimir Dzhanibekov. Alikuwa na umri wa miaka 43, mzaliwa wa Iskandar huko Uzbekistan, rubani wa jeshi aliyependa pia kuchora picha. Alikuwa ameshakwenda angani mara nne. Mwaka 1982, akiwa na mgeni kutoka Ufaransa, Jean-Loup Chrétien, kompyuta ilileta matatizo wakikaribia Salyut 7 hii hii, naye akashika usukani akaunganisha kwa mkono. Mwaka 1984 ndiye aliyetoka nje pamoja na Savitskaya. Mwenzake alikuwa Viktor Savinykh, mhandisi mwenye umri wa miaka 45, aliyekuwa ameruka mara moja tu, mwaka 1981, lakini alizijua nyaya na mitambo ya vituo vya Salyut vizuri sana. Mmoja alikuwa bingwa wa kuendesha na mwingine bingwa wa kutengeneza. Naona aliyewapanga pamoja alijua anachokifanya.

Chombo chao, Soyuz T-13, kilipunguzwa mambo mengi. Kiti cha tatu kiliondolewa. Mitambo ya kujiunganisha yenyewe iliondolewa pia, maana haingekuwa na wa kuzungumza naye. Nafasi na uzito uliopatikana vikatumiwa kubebea mafuta, chakula na maji zaidi. Wakapewa kifaa cha leza cha kupimia umbali na darubini ya kuonea gizani, na vishikio vya kuendeshea vikawekwa karibu na dirisha la ubavuni, ili rubani aendeshe huku akikitazama kituo kwa macho yake. Walikwenda pia na nguo nzito za baridi. Mke wa Savinykh aliwafumia kofia za sufu, na baadaye mtaona jinsi kofia hizo zilivyowafaa.

Waliruka kutoka Baikonur tarehe 6 Juni 1985. Roketi ya Soyuz huchukua chini ya dakika 10 kumfikisha mtu kwenye njia ya kuizunguka dunia, ile inayoitwa obiti. Lakini kufika kwenye obiti si kufika kwenye kituo, na hapa kuna jambo ambalo hata watu wazima hulishangaa. Anayezunguka chini zaidi huenda kasi zaidi na huzunguka njia fupi zaidi. Kwa hiyo Soyuz inayotaka kukifikia kituo hubaki chini yake kwanza, ikipunguza mwanya mzunguko baada ya mzunguko, kisha huwasha injini kwa muda mfupi na kupanda. Ukiwa nyuma ya kituo katika obiti ileile, ukakanyaga mafuta moja kwa moja kukifuata, utapanda juu na mwishowe utazidi kuachwa. Dzhanibekov na Savinykh walitumia siku mbili kupunguza mwanya huo. Rada za jeshi zilizojengwa kulinda nchi dhidi ya makombora ndizo zilizokuwa zikipima mahali kituo kilipo, na waongozaji wakawasomea wanaanga hesabu.

Tarehe 8 Juni walikiona, nukta inayong'aa kwa mwanga wa jua, ikiwa kilomita kama 10 mbele yao. Dzhanibekov akakigeuza chombo ubavu ili akione kwa dirisha la pembeni. Savinykh akawa anasoma kwa sauti umbali na mwendo, umbali na mwendo. Rubani alipaswa kuendesha huku mwili wake umeelekea upande mmoja na chombo kikienda upande mwingine. Walipofika mita 200 alikisimamisha. Nasema alikisimamisha, ingawa vyote viwili vilikuwa vikienda zaidi ya kilomita 27,000 kwa saa. Maana yake ni kwamba kimoja hakikusogea tena mbele ya mwenzake. Wakapumua, wakakikagua.

Kituo kilikuwa kikijigeuza polepole tu, hiyo ilikuwa bahati. Lakini Savinykh aliona jambo lililomhuzunisha. Mabawa ya sola, ambayo hugeuzwa kwa pamoja na mitambo ya kutafuta jua, hayakuwa yameelekea upande mmoja. Kila moja lilikuwa limesimama kivyake. Maana yake ilikuwa dhahiri kwa mhandisi: mitambo ya kufuata jua imesimama, na kituo hakina umeme hata kidogo. Akawaambia waongozaji.

Dzhanibekov akakizunguka kituo hadi mbele ya mlango, akalinganisha mwendo wake na ule mgeuko wa polepole, akasogea. Vyombo vikagusana, ndoana zikashika. Wakakaa kimya, jasho likiwatoka. Walikuwa wameunganishwa na kituo, lakini kituo hakikuwa na habari.

Kabla ya kuingia waliuliza swali ambalo nyumbani hatulifikirii: je, ndani mna hewa? Huenda kituo kilitobolewa na kijiwe cha angani na hewa yote ikatoka. Huenda kitu kiliungua na kuacha sumu. Kwenye mlango mna kitundu chenye vali. Walikifungua kidogo wakasubiri hewa ya pande mbili ilingane, kisha wakapima kwa vichupa maalumu vinavyobadilika rangi vikikutana na gesi ya sumu. Hewa ilikuwepo, tena safi. Hata hivyo wakavaa barakoa kwa tahadhari, wakawasha tochi, wakasogea ndani.

Palikuwa giza na baridi kali. Kipimajoto cha kituo hakikutengenezwa kupima baridi ya namna ile, hivyo Dzhanibekov akatema mate ukutani, nayo yakaganda baada ya sekunde chache. Theluji nyembamba ilikuwa imeota juu ya kuta na mitambo, na mabomba yalikuwa na barafu. Hapakuwa na sauti yoyote. Kituo kizima huvuma mchana na usiku kwa sababu ya feni, na mwanaanga huizoea sauti hiyo kiasi cha kutoisikia. Hapa ukimya wenyewe uliwasumbua masikio. Mezani, katika mwanga wa tochi, waliona mikate mikavu na vidonge vya chumvi. Warusi humpokea mgeni kwa mkate na chumvi, na Kizim na wenzake, walipokuwa wakiondoka miezi minane nyuma, waliwaachia wageni ambao hawakuwajua. Mimi kila nikifika hapa katika historia hii hutulia kidogo. Ukarimu ule ulikuwa umesubiri gizani muda wote huo.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hatari kubwa haikuwa baridi. Ilikuwa pumzi zao wenyewe.

Tunapopumua tunatoa hewa ya ukaa. Hapa duniani hewa inayotoka puani ni ya moto, na hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo inapanda juu na hewa safi inaingia mahali pake. Hatufanyi chochote, uzito unatufanyia. Kule ambako vitu havilemeani, hewa ya moto haina juu pa kupanda. Inabaki palepale mbele ya uso, na kila pumzi inaongeza nyingine. Ndiyo maana kituo kina feni nyingi: si za kupunguza joto tu, ni za kuwafanya watu wasivute tena hewa waliyoitoa. Feni zote zilikuwa zimekufa. Wanaanga wakaanza kuumwa kichwa na kulegea mwili hata kwa kazi ndogo. Waongozaji wakaagiza afanye kazi mmoja, mwingine amwangalie, na wote wawe wanarudi Soyuz mara kwa mara kupumua hewa nzuri na kupasha mikono.

Mnaweza kuuliza: kwa nini wasichukue umeme wa Soyuz wakauingiza kituoni? Hilo lilifikiriwa likakataliwa. Hakuna aliyejua ni waya gani ndani ya kituo umeharibika. Kama ungekuwepo mmoja unaogusana na mwingine vibaya, ungeweza kuharibu umeme wa Soyuz pia, na Soyuz ndiyo iliyokuwa njia yao pekee ya kurudi nyumbani.

Basi Savinykh akaanza na betri. Zilikuwa nane, zote zimekwisha kabisa. Mbili hazikuwa za kutengenezeka. Sita zilionekana bado zina uhai. Mtambo wa kuzichaji, hata hivyo, nao ulihitaji umeme kidogo ili uwake, na umeme huo haukuwepo. Njia iliyobaki ilikuwa kuuruka mtambo huo kabisa na kuunganisha nyaya za mabawa ya sola moja kwa moja kwenye betri. Ilimaanisha kutafuta nyaya zinazofaa nyuma ya paneli za ukuta, kuzimenya, kuzisokota ncha na kuzifunga kwa tepu ya mafundi umeme. Nyaya zenyewe zilikuwa 16. Huwezi kusokota waya ukiwa umevaa glavu nene, kwa hiyo alizivua na kushika chuma kilichoganda kwa vidole vitupu, huku amevaa ile kofia ya sufu hadi masikioni.

Nyaya zikawa tayari. Yakabaki mabawa kuelekezwa kwenye jua, na kituo hakikuwa na uwezo wa kujigeuza. Dzhanibekov akaingia Soyuz, akawasha injini zake ndogo na kuligeuza lile lundo lote, chombo na kituo kwa pamoja, mpaka jua likayapiga mabawa. Betri moja ikaanza kupokea umeme. Kisha nyingine. Zilipojaa vya kutosha wakazirudisha kwenye mitambo yake ya kawaida, na tarehe 11 Juni, siku tatu baada ya kuingia, taa zikawaka na feni zikaanza kuzunguka.

Hapo hapo ndipo walipomjua mkosaji. Katika mfumo wa kuchaji mlikuwa na kifaa kidogo, sensa ya kueleza kama betri imejaa. Kiliharibika, kikawa kinasema betri imejaa hata ilipokuwa tupu. Kila mtambo ulipotaka kuchaji, kifaa kile kiliukataza. Kama redio ingekuwa nzima, waongozaji wangeona betri zinashuka na kurekebisha kwa amri moja. Lakini redio ilikuwa imekufa kwa sababu nyingine kabisa. Hitilafu mbili ndogo zilikutana, na nyumba yenye uzito wa tani 20 ikaganda.

Umeme ulipopatikana, likabaki suala la maji. Waliyobeba yalikuwa ya siku chache tu, na matangi ya kituo yalikuwa barafu tupu. Hakuna aliyeweza kusema yatayeyuka lini. Walikunywa kwa kipimo, huku wakifanya kazi ngumu katika baridi, wakati ambapo mwili unadai maji zaidi. Kwa kuwa jiko dogo la kupashia chakula lilikuwa halifanyi kazi, walipasha chai kwa taa kali ya kupigia picha. Kituo kilivyozidi kupata joto, barafu ya kwenye matangi ikalegea, na maji ya kunywa yakapatikana. Lakini barafu ya ukutani nayo ikayeyuka, na maji angani hayatiririki kwenda sakafuni. Yanajikusanya kuwa matone na utando, yanang'ang'ania mabomba, nyaya na vifaa vya umeme. Ingetosha tone moja kutua mahali pabaya kuharibu kazi yote. Wakachukua nguo kuukuu wakazichana matambaa, wakapangusa kituo kizima kwa mkono, kona kwa kona. Unyevu ulichukua wiki nyingi kwisha.

Tarehe 13 Juni mitambo ya kukigeuza kituo na kukielekeza ilijaribiwa ikafanya kazi. Waliokuwa chini walifurahi mno, maana sasa kituo kiliweza kupokea mgeni asiye na rubani. Tarehe 23 Juni chombo cha mizigo, Progress 24, kilijiunganisha chenyewe, kikiwa na maji, mafuta, na vipuri vya kutosha.

Nisiache kuwasimulia kisa kimoja kidogo cha siku hizo za kupakua mizigo. Baadhi ya vifurushi vilikuwa vimefungwa kwa nati zenye masikio mawili, zile unazozizungusha kwa vidole. Dzhanibekov aliipiga moja kwa kidole, ikazunguka, ikachomoka kwenye skrubu, ikaelea mbele yake huku ikiendelea kuzunguka. Ilipofika sentimita kama 40 ikajigeuza ghafla, kichwa chake kikawa mkia, ikaendelea. Ikageuka tena. Hakuna aliyeigusa. Alishangaa, akarudia, ikawa vilevile. Hisabati ya mzunguko wa namna hiyo ilikuwa imeshaandikwa tangu karne ya 18 na Leonhard Euler, lakini wachache walikuwa wameiona ikitokea mbele ya macho yao wazi namna ile, na hadi leo watu huliita jambo hilo kwa jina la Dzhanibekov. Mnaweza kulijaribu. Chukua kitabu, kifunge kwa mpira kisifunguke, kishike kwa mikono miwili pande za kushoto na kulia, jalada likikutazama. Kirushe juu huku ukikibinua kichwa kuelekea kwako, kizunguke mara moja, ukidake. Utakuta kimejigeuza pia ubavu kwa ubavu, ingawa hukukusudia. Ukikizungusha kwa upande wake mrefu zaidi, au ukikizungusha kikiwa bapa, hakifanyi hivyo.

Tarehe 2 Agosti wote wawili walivaa mavazi ya anga wakatoka nje na kuongeza paneli nyingine za sola, ili kituo kipate umeme zaidi. Walibaki nje kwa saa tano. Mtu aliyekuwa akisokota nyaya za barafu miezi miwili nyuma sasa alikuwa anakiongezea kituo nguvu.

Tarehe 17 Septemba wakaruka wenzao watatu katika Soyuz T-14: Vladimir Vasyutin, Georgy Grechko na Alexander Volkov. Ikawa mara ya kwanza kwa wakaaji wa kituo kubadilishana zamu kwa namna hiyo, baadhi wakirudi na baadhi wakibaki, bila kituo kuachwa kitupu. Ndivyo vituo vya anga vinavyoendeshwa mpaka leo. Dzhanibekov alirudi duniani tarehe 26 Septemba akiwa na Grechko, baada ya siku 112. Savinykh akabaki na wale wengine wawili, wakitarajia kukaa miezi mingi. Haikuwa hivyo. Vasyutin aliugua, na kwa kuwa kituoni hapakuwa na tiba ya kutosha, wote watatu walirudi tarehe 21 Novemba. Savinykh alikuwa amekaa siku 168.

Dzhanibekov hakuruka tena. Savinykh alikwenda mara ya tatu, mwaka 1988, kwenye kituo cha Mir, kisha akawa mkuu wa chuo kikuu cha Moscow kinachofundisha upimaji na utengenezaji ramani, kilekile alichosomea. Aliandika kitabu kuhusu siku zile za baridi.

Salyut 7 nacho kilitembelewa mara moja tu baada ya hapo. Mwaka 1986 Leonid Kizim na Vladimir Solovyov, walewale walioacha mkate na chumvi, walikwenda kwanza Mir, wakatoka Mir kwa Soyuz yao hadi Salyut 7, wakafanya kazi hapo kwa wiki kadhaa, wakafungua vifaa vilivyokuwa bado vizima, na kuvirudisha Mir. Hakuna chombo kingine kilichokuwa kimewahi kwenda kutoka kituo kimoja hadi kingine. Uzito wa vifaa hivyo ulikuwa kama kilo 400, na vikaanza kutumika upya. Kituo kilichobaki kitupu kilisukumwa juu zaidi kwa matumaini ya kukitumia siku za mbele, lakini fedha na mipango havikupatikana, na hewa nyembamba ya juu ikakivuta chini mapema kuliko ilivyotarajiwa. Kiliingia angahewa tarehe 7 Februari 1991, kikaungua na kukatika vipande juu ya Argentina, na baadhi ya vipande vikaokotwa katika mji wa Capitán Bermúdez.